Gemu ya 1980 inafufuka, ya 2014 ilizikwa: Nani alaumiwe?

Chukua bodi ya gemu ya Pac-Man ya mwaka wa 1980, iliyotolewa ndani ya mashine kubwa za kumbi za burudani, kisha uiunganishe moja kwa moja na skrini bapa ya kompyuta yako. Hutaona kitu. Wengi watasema bodi imekufa. La hasha! Bodi iko sawa, ila vifaa hivi viwili havielewani.

Bodi hizo ziliundiwa zile skrini nzito zenye kichogo. Hutuma takriban mistari 15,700 ya picha kila sekunde. Skrini za kompyuta, tangu mfumo wa VGA ulipoingia 1987, kwa kawaida huanzia mistari 31,500 hivi, yaani mara mbili. Isitoshe, Mortal Kombat ya 1992 hutuma karibu picha 55 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi zimezoea 60.

Dawa ipo, tena si ya bei ya kutisha. Konvata kama GBS-8200 hupokea picha, huihifadhi, kisha huichora upya kwa kasi ambayo skrini inaielewa. Ubaya wake ni kuchelewa kidogo: unabonyeza sasa, ngumi inatoka baadaye. Kwa gemu ya kupigana, hiyo ni noma. Ndiyo maana wengine huongeza pesa wakanunua OSSC, ambayo hurudia kila mstari papo hapo bila kungoja picha nzima. Ila tahadhari: bodi nyingi hutoa rangi kwa volti za juu kuliko 0.7 za VGA. Bila rezista za kuzipunguza, unaweza kuharibu kifaa.

Swali ni je, mbona ukarabati huu unawezekana miaka 40 baadaye? Jibu ni kwamba bodi ina gemu yote ndani yake, na nyaya zake zinajulikana. Mwaka 1985, watengenezaji wa Japani walikubaliana kuhusu mfumo mmoja, JAMMA, wenye pini 56 za umeme, rangi, sauti na vidhibiti. Fundi yeyote anaweza kujua waya upi unafanya nini. Hata kwa bodi za kabla ya hapo, kama ya Pac-Man, mafundi wameunda adapta.

Sasa linganisha na The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014. Seva zilipozimwa Machi 2024, gemu ilikwisha, hata kwa waliolipa. Hakukuwa na konvata ya kuokoa hiyo. Hasira ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Muungano wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja.

Kampuni hulalamika kwamba kutunza seva ni gharama. Ni kweli. Lakini wanakampeni hawaombi seva ziwake milele; wanaomba gemu iachwe katika hali ya kuchezeka kampuni inapoondoka.

Hilo si jambo geni. Waliounda bodi za zamani walifanya hivyo bila hata kukusudia. Kwa hivyo kabla hujatuma pesa kununua gemu nyingine kwenye simu, jiulize: unanunua, au unakodisha tu hadi mwenyewe achoke?