Upasuaji wa unene: Tofauti huonekana mwaka wa kumi

MWAKA 2005, nyota wa zamani wa soka wa Argentina, Diego Maradona, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito katika mji wa Cartagena, Colombia. Miezi michache baadaye alionekana kwenye televisheni akiwa amepungua kiasi cha kuwashangaza hata waliomzoea, na picha zake zikazunguka dunia nzima.

Lililozungumzwa kidogo ni kwamba mwaka 2015 alirudi kwenye meza ya upasuaji, safari hii nchini Venezuela, kwa tatizo lilelile.

Suala hilo sasa limefika pia Dar es Salaam na Nairobi, ambako watu wenye uwezo hupanga safari za India na Uturuki wakiwa na swali moja kubwa: zitaondoka kilo ngapi? Swali ni halali, lakini halitoshi. Katika mwaka wa kwanza karibu kila aina ya upasuaji huleta picha za kupendeza. Zinapotofautiana ni katika miaka inayofuata.

Upasuaji huu si urembo. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kiwango cha uwiano wa uzito na urefu kuwa 40, au 35 kwa mwenye magonjwa yatokanayo na unene. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 ulikishusha hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 160, hizo ni takribani kilo 90.

Aina iliyovuma mwanzoni mwa karne hii ni pete ya silikoni, inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Huunganishwa kwa mrija na kidude kilichofichwa chini ya ngozi, ambako daktari huingiza au kutoa maji kwa sindano ili kuibana au kuilegeza. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001, na wengi waliipenda kwa kuwa hakuna kinachokatwa na pete inaweza kutolewa.

Kutolewa huko ndiko kulikoiangusha. Pete nyingi ziliteleza, nyingine zikapenya ndani ya mfuko, na wagonjwa wengi wakarudi kupasuliwa upya. Chris Christie, aliyekuwa Gavana wa New Jersey, alifungwa pete mwaka 2013, wakati madaktari wengi walikuwa wameshaanza kuiacha. Leo ni sehemu ndogo mno ya upasuaji wa unene nchini humo.

Nafasi yake imechukuliwa na upasuaji wa kuondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Awali ilikuwa hatua ya kwanza tu kwa wagonjwa wazito mno wasioweza kuhimili upasuaji mrefu, lakini ikabainika kuwa wengi wao walipungua vya kutosha bila hatua ya pili. Ni kazi fupi na utumbo hauguswi. Hata hivyo, kilichoondolewa hakirudishwi.

Kongwe kati ya hizo tatu ni baipasi, iliyoanzishwa na Dk Edward Mason katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1966. Juu ya mfuko wa chakula hutengwa kifuko cha takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuunganishwa nacho. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, mara nyingi sukari huanza kushuka hata kabla ya uzito kupungua.

Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kuwa, miaka 10 baada ya upasuaji, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 25 ya uzito wao, na waliofungwa pete asilimia 14.

Nchini Finland, wagonjwa 240 waligawanywa kati ya baipasi na kukatwa mfuko. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliipa baipasi ushindi mdogo: asilimia 50.7 ya uzito uliozidi ilikuwa imeondoka, dhidi ya asilimia 43.5. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye koo la chakula. Asilimia 31 ya waliokatwa mfuko walikutwa na michubuko ya tindikali, dhidi ya asilimia saba ya wenzao.

Kwa takwimu hizo, mtu anayesumbuliwa na kiungulia kikali, au mwenye kisukari, ana sababu nzuri ya kumuuliza daktari kwa nini asipewe baipasi.

Lakini baipasi nayo ina madai yake. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 humezwa au kudungwa maisha yote. Soda au keki inaweza kuleta jasho na mapigo ya moyo ya kasi, na pombe hulevya haraka zaidi. Diklofenaki, ambayo mjini hununuliwa dukani kama peremende, inaweza kusababisha vidonda kwenye maungio ya kifuko na utumbo. Aidha, sehemu ya mfuko iliyoachwa kando haifikiwi kwa urahisi na kamera inayopitishwa kinywani. Ndiyo sababu mojawapo ya Japani, ambako saratani ya mfuko wa chakula ni nyingi, kupendelea aina ile nyingine.

Lipo pia puto, ambalo Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikiliweka. Huo si upasuaji. Puto huingizwa kwa njia ya mdomo na kutolewa baada ya miezi kadhaa, na baada ya hapo hatari ya uzito kurudi ni kubwa. Hali ni hiyo kwa sindano za semaglutide, zilizoidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021: anayeziacha hurejesha sehemu kubwa ya kilo zake.

Hospitali ya ng'ambo inaweza kukaa na mgonjwa wake kwa wiki moja au mbili. Kipimo cha vitamini B12 cha mwaka wa tano kitafanyika Temeke au Eastleigh, na daktari atakayekisoma atahitaji karatasi inayoonyesha ni utumbo upi uliokatwa na uliunganishwa wapi.