Mtoto asipolia: semina moja haimtoshi mkunga

Muulize mzazi wa Rau hospitali nzuri ni ipi, atakutajia majengo, vipimo na madaktari bingwa. Si ajabu. KCMC ni jirani yetu na Mawenzi iko hapo mjini, kwa hiyo tumezoea kupima huduma kwa macho. Lakini kwa mama anayekaribia kujifungua kuna jambo ambalo jengo halikuonyeshi, nalo ni kile mkunga anachokifanya katika dakika moja ya kwanza baada ya mtoto kutoka.

Wataalamu huiita Dakika ya Dhahabu. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, takriban 85 hulia na kupumua wenyewe. Wengine kama 10 huanza kupumua wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache wanaobaki huhitaji kupuliziwa hewa kwa ambu, kile kifuko chenye barakoa ndogo ya kufunika pua na mdomo. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji mtu anayejua na asiyechelewa.

Hapa ndipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, ilipotupa somo kubwa. Kuanzia mwaka 2009, wasaidizi wa utafiti waliofundishwa walikaa leba usiku na mchana wakiandika kinachotokea kila mtoto anapozaliwa: amepumua saa ngapi, nani amemhudumia, ambu imetumika baada ya sekunde ngapi. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufariki au kulazwa muda mrefu.

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakitumia mdoli. Walifanya vizuri. Walipojaribiwa tena kwa mdoli miezi kadhaa baadaye, bado walifanya vizuri. Ila wale watazamaji wa leba waliona kitu kingine: huduma kwa watoto halisi haikuwa imebadilika. Kama hospitali ingeangalia vyeti na alama za mtihani tu, ingeamini tatizo limekwisha.

Fikiria mwenyewe. Mkunga anaweza kuwa na kina mama watatu leba, saa nane usiku, mmoja anatoka damu. Mtoto asiyepumua haji kila siku. Jambo ulilofundishwa mara moja na unalolifanya kwa nadra, mikono hulisahau hata kama kichwa kinalikumbuka.

Haydom ikabadilisha mbinu. Mdoli ukawekwa pale pale kazini. Wakunga wakaanza kufanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, na zoezi refu kidogo mara moja kwa mwezi, wakisimamiwa na wenzao. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ukapelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yakihusu uzazi zaidi ya 280,000, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 40, na vya kina mama kwa asilimia 75.

Semina si kitu kibaya, maana bila hiyo hakuna pa kuanzia. Lakini huduma bora hupatikana pale mtu anapoangalia kazi inavyofanyika kweli, kisha akairekebisha mahali pale pale.

Sisi wazazi tufanye nini? Tunaandaa mtori, kanga na jina la mtoto mapema. Tuandae na maswali. Siku ya kliniki, baba akiwepo, muulizeni nesi kwa heshima: "Sista, mtoto akizaliwa asilie, huwa mnafanyaje? Ambu ya watoto ipo leba? Na ninyi huwa mnafanya mazoezi?" Msisubiri uchungu uanze ndipo muulize.

Bibi na mama mkwe nao waambiwe: mtoto asiyelia hapigwi makofi, haning'inizwi kichwa chini wala hamwagiwi maji baridi. Hizo ni sekunde zinazopotea. Na mkunga akimchukua mtoto haraka bila kukueleza, mpishe kwanza. Maelezo utayadai baadaye, na ni haki yako kuyapata.

Siku nyingine ukiwa kwenye foleni unaweza kuwaona wakunga wamezunguka mdoli, mmoja anabonyeza ambu, mwingine anahesabu. Usinung'unike kwamba wanacheza wakati wagonjwa wanasubiri. Ile ni kazi, na huenda mtoto atakayefaidika nayo ni wako.