Kuvumwani, Kangaga na Udongo wa Dhahabu

Mwanafunzi wa sekondari afikapo kwenye somo la mimea isiyo na mbegu, aghalabu hukariri majina ya makundi, akajibu mtihani, kisha akayasahau. Kwetu sisi tunaoishi kati ya Shinyanga na Geita, tofauti za makundi hayo zina uzito kuliko alama.

Ndugu msomaji, tazama ukuta wa kisima, au mahali pa kutawadhia upande usiopata jua. Pana ujani laini mithili ya zulia. Huo ni kuvumwani. Jina lisikudanganye; si kuvu wala si mwani, ni mmea kamili. Ila hauna mizizi ya kweli wala mishipa ya kupitishia maji. Hujishikiza kwa nyuzi nyembamba na kufyonza maji kwa mwili wake wote, ndiyo maana haurefuki.

Kangaga ni jambo jingine. Lina mizizi, shina na mishipa, hivyo huweza kupanda juu. Katika misitu ya Usambara na Kilimanjaro yamo makangaga yaliyosimama kama minazi. Geuza jani lake lililokomaa, utaona vidoa au mistari ya kahawia. Si ugonjwa. Humo zimo spora, chembe nyepesi kama vumbi, ambazo hupeperuka na kueneza mmea pasipo mbegu. Wapo pia likopodi na ekwisetumu, nao wana mishipa. Hao tuwaachie walimu.

Wote hawa wana sharti moja: mbegu ya kiume huogelea kulifikia yai, hivyo pasipo utando wa maji hapana kizazi. Kwa kiangazi chetu cha Shinyanga, si ajabu kuwaona zaidi visimani na kwenye mifereji.

Sasa tuje kwenye mizizi. Kuvumwani, kwa kuwa haina, hupokea kinachoiangukia kwa mvua na vumbi. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa Uswidi wameitumia kupima madini mazito yaliyomo hewani. Kangaga huvuta kutoka ardhini. Mwaka 2001 Lena Ma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba kangaga liitwalo Pteris vittata huvuta sumu ya aseniki kutoka udongoni na kuilimbikiza majanini, hata kufikia gramu 22 katika kilo moja ya majani makavu, nalo lisife. Kangaga hilo ni la asili ya nchi za joto za dunia ya kale, Afrika ikiwamo; hupenda kuta za chokaa na kingo za mifereji.

Aseniki mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu katika mwamba, na watafiti wameikuta katika maji ya maeneo ya karibu na migodi ya Geita. Mwamba unaposagwa kwenye karasha, sumu hiyo hubaki katika marudio. Si kila kangaga hulimbikiza aseniki, na kwa macho huwezi kulijua lililoibeba, kwa kuwa hustawi na kupendeza vilevile. Basi majani yaliyoota juu ya marudio au kandokando ya mialo yasikatwe kuwa malisho ya mbuzi, wala watoto wasiachwe kuyachezea. Kuyachoma nako hakufai: sehemu ya aseniki hupanda na moshi, iliyosalia hubaki katika majivu.