Mgonjwa Asivuliwe Nafasi Yake

Wiki hii tunamzungumzia mama aliyebainika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Kondoa aliyehitaji mionzi alipitia Dodoma hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akakaa huko majuma kadhaa. Treni ya umeme, iliyofika Dodoma mwaka 2024, imepunguza machovu ya njiani, upweke haikuuondoa.

Arejeapo nyumbani, sisi jamaa zake, kwa huruma, humpokonya kila kitu. Hapiki, haulizwi habari ya posa ya binti yake, hata funguo za kabati hukabidhiwa mkamwana. Huruma hii twaiona nzito kuliko maradhi. Mwacheni achambue mchele akiwa ameketi, awasikilize wajukuu wakisoma Juzuu Amma.

Sheria yetu haikumvua mgonjwa ibada. Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza, aketi, asipoweza, alale ubavu. Alipunguziwa namna, hakuondolewa swala.

Wapo pia wanaokataa dawa za maumivu, wakidhani kuteseka ndiyo subira. Sivyo. Mofini aliyoandikiwa na daktari ni tiba, na aliyetulizwa maumivu ndiye apataye nguvu ya kuleta uradi na kucheka na wanawe.

Na ile posa, ipelekwe kitandani kwake.