Barua za Wafu si Mali ya Mwenye Sanduku

Wasomaji wetu, kila mmoja wenu amepata kuliona jambo hili. Mtu amefariki, matanga yamekwisha, na ndugu wamekaa barazani kulifungua sanduku la marehemu. Nguo hugawanywa; fedha huhesabiwa mara mbili mbele ya mashahidi; jembe na baiskeli hupata wenyewe. Mwisho, chini kabisa ya sanduku, huonekana furushi la karatasi. Mmoja huuliza, "Na hizi je?" Mwingine hujibu, "Karatasi tu hizo, zitieni motoni." Basi hutiwa motoni, wala hapana hata mmoja aliyezisoma.

Sisi twasema kwamba maneno yale mawili, "karatasi tu," ni maneno ya hasara, tena yana kiburi ndani yake. Na ili mtu asidhani kwamba twawalaumu watu wa vijijini peke yao, leo tutatoa mifano yetu katika nchi za Ulaya, kwa wachoraji na watunzi wa karne ya kumi na tisa, ambao barua zao na vitabu vyao vya mkono sasa vyatafutwa kwa bidii na matajiri na makumbusho. Huko nako walikuwako waliochoma, na walioghushi, na waliofungia kabatini. Walikuwako pia wachache waliolinda. Tukiyapima matendo yao tutaona kwamba hukumu ni moja: mwenye sanduku si mwenye barua. Yeye ni mlinzi tu.

Tuanze na moto. Palikuwa na mchoraji Mwingereza, jina lake Samuel Palmer, aliyezaliwa mwaka 1805 akafa mwaka 1881. Alipokuwa kijana alikaa katika kijiji cha Shoreham, akachora mashamba na miti na mwezi kwa namna ambayo watu wa zamani zake hawakuithamini. Vitabu vyake vingi vya michoro na maandiko vikaja mkononi mwa mwanawe, Alfred Herbert Palmer. Mwana huyu hakuwa mjinga. Alimpenda baba yake, hata akaandika kitabu cha maisha yake na barua zake, kilichotoka mwaka 1892. Lakini mwaka 1909 aliwasha moto akachoma sehemu kubwa ya kazi za baba yake, na moto ule uliendelea kwa siku kadhaa. Alidhani kwamba awaepusha wafu na aibu, maana aliona kwamba hapana tena atakayezijali karatasi zile. Haikupita miaka ishirini baada ya moto ule, watu wakaanza kuitafuta kazi ya Shoreham kwa shauku kubwa. Lakini walizitafuta wapi? Majivu hayajibu barua.

Ndipo twauliza: Ni nani aliyempa mwana yule haki ya kuamua kwamba watu wa kesho hawatajali? Mtoto hurithi nyumba ya baba yake. Hakurithi macho ya watu ambao hawajazaliwa.

Mfano wa pili watugusa sisi Wakristo zaidi, nasi hatutauficha. William Blake, mchoraji na mtunzi wa mashairi, alikufa London mwaka 1827, naye alikuwa maskini. Mkewe Catherine alipomfuata mwaka 1831, maandiko yake mengi yakawa mikononi mwa rafiki yao, Frederick Tatham. Huyu baadaye akaingia katika dini kali, na watu waliomjua wakasimulia kwamba aliharibu maandiko mengi ya Blake kwa kuwa aliyaona si ya Mungu. Hapo ndipo moto ulipovaa kanzu ya ibada. Twasema wazi: mtu aogopaye andiko, na alijibu kwa andiko. Akilichoma, hakulishinda, amewanyima wenzake nafasi ya kulipima. Yehoyakimu mfalme wa Yuda naye alikikata kitabu cha Yeremia kwa kisu, akakitupa motoni kipande kwa kipande. Na sote twajua kama maneno yale yaliteketea au hayakuteketea. Lakini Yeremia alikuwa hai, akamwambia Baruku ayaandike upya. Blake alikuwa amekufa.

Sasa tazameni kinyume chake. Kitabu kimoja cha mkono cha Blake, chenye mashairi na michoro, hakikuangukia motoni, maana Catherine alikuwa amempa William Palmer, ndugu yake yule Samuel Palmer tuliyemtaja, aliyekuwa mtumishi katika makumbusho makuu ya London. Mwaka 1847 mtu huyu alimwuzia kijana mmoja kitabu hicho kwa shilingi kumi. Kijana yule alikuwa Dante Gabriel Rossetti, mwanafunzi wa uchoraji wa miaka kumi na minane, naye hata hizo shilingi kumi hakuwa nazo. Alizikopa kwa ndugu yake. Lakini hakukifungia. Kitabu kile kikatumika katika kuandika maisha ya Blake, yaliyopigwa chapa mwaka 1863, na ndicho kimojawapo cha vitu vilivyomtoa Blake katika kusahauliwa. Leo kimo katika maktaba kuu ya Uingereza. Kilitolewa zawadi mwaka 1957. Basi, shilingi kumi za mkopo, na moyo wa kuonyesha wengine, zilifanya kazi ambayo mali nyingi hazikuifanya.

Lakini mlinzi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yetu, alikuwa mwanamke mjane. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alikufa Ufaransa mwezi wa Julai, mwaka 1890. Ndugu yake Theo, aliyekuwa akimtunza kwa fedha, alimfuata baada ya miezi sita. Mke wa Theo, Johanna, akabaki na mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka, na picha nyingi ambazo hazikuwa na mnunuzi, na barua zaidi ya mia sita ambazo Vincent alikuwa amemwandikia Theo. Walikuwako waliomshauri aachane na picha zile. Yeye akahamia mji mdogo wa Bussum, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate chakula, na usiku akazisoma barua zile moja moja na kuzipanga. Nyingi hazikuwa na tarehe, naye ilimpasa azitambue kwa habari zilizomo.

Hakuzipiga chapa upesi ili apate fedha. Alingoja mpaka mwaka 1914, kwa kuwa aliona si haki watu waijue habari ya mtu kabla ya kuijua kazi yake. Kisha akaanza kuzifasiri kwa Kiingereza, akaendelea na kazi hiyo mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1925. Mwanawe naye hakuyauza urithi huo kidogo kidogo kwa matajiri. Familia ikaukabidhi kwa amana moja mwaka 1962, na mwaka 1973 jumba la makumbusho ya Van Gogh likafunguliwa katika mji wa Amsterdam. Mwaka 2009 barua zote zilizojulikana, jumla yake 902, zikatolewa kwa vitabu sita vikubwa, na tena zikawekwa katika intaneti azisome yeyote bila malipo. Mjane mwenye nyumba ya wageni aliwatajirisha watu wote. Wenye mabenki ambao siku zile walizipita picha zile hawakumtajirisha mtu.

Tena angalieni jambo hili. Theo alizihifadhi barua za Vincent. Vincent hakuwa na desturi ya kuzihifadhi za Theo. Kwa hiyo barua za Theo kwa ndugu yake zilizobaki hazifiki hamsini. Twasikia sauti ya mmoja akilia na kuomba na kueleza rangi za mashamba ya ngano, lakini sauti ya yule aliyemjibu twaisikia kwa shida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na upendo nao, bila barua, hupotea hivyo hivyo.

Hapa atasimama mtu na kutupinga, naye ana hoja ya kusikilizwa. Atasema, "Barua ni siri. Vincent aliandika habari za ugonjwa wake, na deni zake, na ugomvi wake na baba yake. Je, ni adabu kumvua nguo maiti mbele ya watu?" Twajibu hivi. Siri yastahili heshima, na muda ni sehemu ya heshima hiyo. Walio hai wasiaibishwe. Johanna mwenyewe aliacha kuyatoa baadhi ya majina na maneno. Lakini kungoja si kuchoma. Barua iliyofungwa kwa miaka hamsini yaweza kufunguliwa. Iliyochomwa haifunguliwi milele. Na ni aibu gani iliyofunuliwa katika barua zile? Walizozisoma waliona kwamba yule waliyemwita mwenda wazimu alikuwa mtu wa kufanya kazi tangu alfajiri, msomaji wa vitabu, mwenye kuifikiri kila rangi kabla ya kuipaka. Kama zingechomwa kwa ajili ya heshima yake, angebaki na jina la wazimu peke yake.

Baada ya wachomaji wako waghushi, nao huzaliwa na tamaa ya wakusanyaji. Mtu akusanyaye ili ajivune kuwa na kitu ambacho mwenziwe hana, huyo amewatengenezea wezi soko. Huko London alikuwako Thomas James Wise, aliyesifiwa kuwa mjuzi mkuu wa vitabu vya karne ya kumi na tisa. Matajiri walimwamini. Kumbe yeye alikuwa akipigisha chapa vijitabu vya watunzi mashuhuri, miongoni mwao Ruskin na Rossetti na Morris, akivitia miaka ya uongo ili vionekane kuwa vya kwanza kabisa, kisha akiviuza kwa bei kubwa. Mwaka 1934 wauza vitabu wawili vijana, John Carter na Graham Pollard, wakamfichua. Walifanyaje? Waliichunguza karatasi. Kijitabu kimoja kiliandikwa mwaka 1847, lakini karatasi yake ilitengenezwa kwa mti kwa njia ambayo haikuwako mpaka baada ya mwaka 1870. Mwandishi alisema uongo. Karatasi ikasema kweli. Tena, baada ya kufa kwake mwaka 1937, ilionekana kwamba alikuwa amechana kurasa katika vitabu vya kale vya maktaba ya watu wote, akazitia katika vitabu vyake mwenyewe vilivyopungua.

Wa mwisho ni yule afungiaye. Huyu hakuchoma, wala hakughushi. Alinunua kwa haki mnadani. Na bei za mnada si mchezo: mwaka 2020, huko Paris, barua moja iliyoandikwa na Vincent pamoja na mwenziwe Gauguin mwaka 1888 ilinunuliwa kwa euro 210,600. Heri ilinunuliwa na makumbusho yenyewe ya Amsterdam, nayo leo yasomeka. Lakini nyingine hununuliwa na mtu asiyetajwa jina, zikaingia katika sanduku la chuma, na mwanafunzi aombaye nakala hajibiwi. Twasema, mtu huyo ni ndugu yake yule mchomaji. Tofauti yao ni kwamba mmoja hutumia moto na mwingine hutumia ufunguo. Hatuwalaumu wakusanyaji wote. Rossetti alikuwa mkusanyaji, na bila wao mengi yangalipotea. Twawauliza neno moja tu: Baada ya kupata, umemwonyesha nani?

Wala mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa fundi wa maneno kama wale walivyokuwa mafundi wa rangi. Miaka arobaini baada ya kufa kwake mashairi yake yalikuwa yakitawanyika katika vinywa vya wazee. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaeleza pamoja na mmisionari William Taylor. Na mwaka 1940 diwani yake ikapigwa chapa. Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja kuokoa maneno ya mtu mmoja. Lakini karatasi zenyewe zilikwenda London, na ziko huko hata leo. Hatuwalaumu waliozilinda, twajilaumu sisi tuliokuwa na masanduku na hatukulinda. Ni mashairi mangapi ya wenzake Muyaka yaliyoliwa na mchwa, au kuchomwa na wajukuu waliosema, "Ni herufi za Kiarabu tu hizo"?

Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba ya karatasi huoza upesi. Basi, sanduku la marehemu likifunguliwa, karatasi zihesabiwe kama fedha zinavyohesabiwa. Asomaye azisome. Zisizosomeka kwetu zipelekwe kwa ajuaye herufi zake. Ukurasa usikatwe wala barua isitengwe na bahasha yake. Aandikwe aliyeziandika, na aliyeandikiwa, na siku zilipopatikana. Zenye siri zifungwe kwa muda, si kwa moto. Nakala itolewe, ili nyumba ikiungua maneno yasiungue. Na mwenye sanduku, kabla hajafa yeye naye, amwambie mtu zilipo.

Mjane wa Bussum hakuwa na elimu ya makumbusho wala fedha za mnada. Alikuwa na meza, na taa, na furushi la karatasi ambalo wengine wangeliita takataka. Meza na taa tunazo. Furushi nalo limo nyumbani mwa wengi wetu. Kilichobaki ni kuzuia mkono ule unaolinyoshea moto.