Pazia likishashuka, mtoto bado anahitaji kutazamwa

Msimu wa tamasha za drama shuleni una ratiba inayojulikana na wazazi wengi nchini. Mazoezi huanza muhula wa kwanza, vikundi huchujwa kuanzia ngazi za chini hadi kaunti na eneo, kisha waliobaki hukutana katika fainali ya kitaifa, kwa kawaida mwezi Aprili. Mashindano haya yalianza mwaka 1959 na yamewalea waigizaji wengi tunaowatazama leo kwenye runinga. Hata hivyo, kuna siku moja ambayo hakuna anayeipangia chochote: siku inayofuata onyesho la mwisho.

Ni katika siku hizo ambapo baadhi ya wazazi huleta watoto kliniki. Malalamiko hufanana. Mtoto halali vizuri, hataki chakula, kichwa kinamuuma, amejifungia chumbani au analia bila kusema sababu. Mzazi huomba apimwe malaria na taifodi.

Ombi hilo si baya. Mtoto aliyetoka Nyeri akalala siku kadhaa Kisumu au Pwani anaweza kuumwa na mbu wa malaria, na dalili zikajitokeza kati ya siku 7 na 30 baadaye. Kwa hivyo mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, wala asipewe dawa za kubahatisha. Lakini wapo ambao hawana homa, vipimo vyao havionyeshi kitu, na ukiwauliza polepole unasikia habari za mchezo uliokwisha. Mtoto wa aina hii haigizi ugonjwa. Amepoteza kitu.

Tuanze na mwili. Mwigizaji anaposubiri nyuma ya pazia, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, akili huwa macho. Homoni nyingine, kortisoli, huusaidia mwili kukaa katika hali ya tahadhari. Hayo si maradhi. Humsaidia mtoto mwenye haya kusimama mbele ya mamia ya watu na kusema. Tatizo ni kwamba msururu huo huenda sambamba na mazoezi ya usiku na safari ndefu za basi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku, na msimu wa drama wengi hawazipati. Usingizi ukipungua, huzuni ndogo huonekana kubwa.

Lakini homoni hazielezi kila kitu. Kwa miezi mitatu mtoto huyu alikuwa na watu waliomsubiri. Akikosa mazoezi, mchezo mzima ulikwama. Sasa hakuna anayemsubiri, na wanafunzi wa Kidato cha Nne watafanya mtihani waondoke, kikundi kile kisikutane tena kikiwa kamili. Mtu mzima akiacha kazi aliyoipenda au akihama mtaa, tunampa pole. Mtoto huambiwa: "Ulikuwa mchezo tu, shika vitabu."

Tena wengi hawamalizi kwa makofi. Katika mashindano ya mchujo, karibu kila kikundi humaliza kwa kushindwa. Majaji husoma matokeo, jina la shule halitajwi, na safari huishia hapo. Mtoto alipokuwa jukwaani hakujua kama hilo ndilo onyesho lake la mwisho. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wapo waliokuwa wamefanya mazoezi na hawakulifikia jukwaa walilolitarajia. Jambo ambalo hukuliaga huchelewa kutoka moyoni.

Waigizaji wa kulipwa wanaijua hali hii pia. Vikundi vinavyozuru shule za sekondari kuigiza vitabu teule, kama tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, huwa pamoja barabarani kwa muda mrefu. Msimu ukiisha, marafiki hutawanyika na malipo hukatika siku hiyo hiyo. Wapo wanaojaribu kuituliza huzuni hiyo kwa pombe, bila kujua kwamba pombe huvuruga usingizi na kuizidisha huzuni yenyewe.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mpe usingizi. Siku mbili tatu za kulala mapema, kula kwa wakati na kutembea juani husaidia kuliko dawa yoyote ya dukani. Usikimbilie kumpa tembe za usingizi wala za kuongeza nguvu.

Pili, mwache asimulie. Muulize ni sehemu gani ya mchezo aliipenda, nani alisahau maneno, nani alimchekesha. Usimlinganishe na aliyeshinda. Kama kikundi kilishindwa, kubali kwamba inauma, kisha nyamaza umsikilize.

Tatu, msaidie kumvua mhusika. Mtoto aliyeigiza mama aliyefiwa au msichana aliyedhulumiwa amelia machozi halisi kila siku ya mazoezi, na mwili hautofautishi sana kilio cha jukwaani na cha nyumbani. Wataalamu wa tiba kwa njia ya maigizo wana desturi nyepesi: mwigizaji hurudisha maleba kwa mikono yake, hutaja jina lake mwenyewe kwa sauti, kisha husema ni kitu gani cha mhusika anakiacha pale na kipi anaondoka nacho. Jambo hili huchukua dakika chache na halihitaji hata shilingi moja. Ikiwa yale aliyoyaigiza yamewahi kumpata katika maisha yake, asiishie hapo. Amwone mshauri nasaha.

Nne, usimkatie marafiki ghafla. Simu moja au ziara moja kwa mwenzake wa kikundi humwonyesha kwamba mchezo umekwisha lakini watu wapo.

Sasa tutofautishe huzuni na ugonjwa. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka: asubuhi analia, jioni anacheka na ndugu zake, na kila siku inapungua. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, hukaa karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 au zaidi. Mtoto hukosa hamu hata ya vitu alivyovipenda, hujiona hana thamani, hushindwa kumakinika darasani. Kwa vijana, mara nyingi hujitokeza kama hasira. Ukiona hivyo, mpeleke hospitali; sonona inatibika.

Akitaja kufa au kujidhuru, usihesabu wiki. Mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na uondoe karibu naye dawa za hospitali na za shambani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango wa kusema. Kwa ushauri bila malipo, piga 116 ya Childline Kenya au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto anayechekwa kwa sababu ya huzuni ndogo hujifunza kuficha, na siku itakapokuja kubwa ataificha vilevile. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi, kuliko machozi ya juma moja.

Kwa walimu na wakuu wa shule nina ombi moja. Mnatenga fedha za maleba, basi na mwelekezi. Tengeni pia alasiri moja baada ya kurudi, iwe mmeshinda au mmeshindwa, wanafunzi wakae pamoja, wale, warudishe maleba, washukuriwe kwa majina mmoja mmoja na waagane. Wawekeni pia walimu wa ushauri nasaha macho kwa wiki 2 zinazofuata, na shule ikiwa imefungwa kwa likizo, mzazi apigiwe simu. Tunawafundisha watoto jinsi ya kuingia jukwaani; tuwafundishe na jinsi ya kutoka.