Tovuti ya kikundi isitugharimu milioni

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Mwaka jana fundi mmoja alitutajia shilingi milioni moja na nusu atutengenezee tovuti. Mweka hazina wetu, mama muuza mihogo, akauliza: "Kwani inajengwa kwa tofali?"

Nikaazima kompyuta Jumamosi moja, nikatumia Google Sites, ambayo ni bure. Kurasa tatu tu: sisi ni nani, siku ya kikao, namba ya kupiga. Picha nilizipunguza ukubwa kwanza. Bando la mwanachama lisiishe kwa kumtazama mwenyekiti akikata keki.

Kinachostahili kulipiwa ni jina, lile linaloishia na .or.tz, nalo hulipiwa kila mwaka. Hapo muwe macho: lisajiliwe kwa kikundi, si kwa fundi wala mpwa wa katibu. Mkikosana naye mtabaki nje ya nyumba yenu. Nywila yetu imeandikwa nyuma ya daftari la hisa, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu.

Mjumbe mmoja alitaka tuweke na majina ya wanaodaiwa. Nilikataa.